Saa ya Kukaa na Namkunda

Tumeshiba wali na kunde, jua liko utosini, na mimi Shemhina, mkandaji wa viungo na mchemsha mizizi wa Soni, nimeketi kwenye mkeka wa Wabudha nikiutazama ubao. Miaka ishirini nimesimama nje ya mageti ya hospitali na kipaza sauti cha kuazima nikidai tiba zetu ziheshimiwe, nimefukuzwa, nimerudi, nimefukuzwa tena, na leo nimeitwa ndani kwa barua yenye jina langu. Nyumba hii ya watawa inafundisha watu saba kazi moja: kwenda wodini kukaa na mgonjwa. Si kumtibu. Kukaa naye, kumsikiliza, asiwe peke yake na dari. Mkuu wao ni mtawa mwenyeji wa Mlalo, tunamwita Bhante kama wanavyomwita wenzake, naye ametuomba sisi watu wa tiba unganishi, wa kisasa na wa asili pamoja, tumshauri mafunzo yaweje. Na kweli tumemshauri. Dakta Mbelwa amechukua saa zake za vidonge na maumivu, Kaniki wa sindano za Kichina amechukua zake, Bi Zaruki anayefundisha kuvuta pumzi amechukua zake, na mimi, nisije nikaachwa nyuma, nimechukua za mafuta na mizizi. Ratiba ubaoni imejaa kama gunia la viazi, hadi Jumamosi jioni. Bhante anauliza kwa upole, Sasa hawa watu wangu watakaa na mgonjwa saa ngapi? Kaniki anasema, Wakipata upenyo, Bhante. Tunacheka, na mimi nacheka, na katikati ya kicheko kope zinanilemea, mistari ya ubao inapanuka, inakuwa barabara, nami naingiza mguu mmoja, halafu wa pili.

Barabara hazina mwisho. Kila moja ni saa ya ratiba yetu, na kila saa inazaa nyingine pembeni yake, natembea Saa Mbili natokea Saa Tatu, nakata kona ya Saa Tisa najikuta nyuma ya pale nilipoanzia, vumbi ni jeupe, linanuka chaki. Njia panda amesimama mtu aliyejifunga shuka la wodini, na mahali pa uso wake pamekuwa laini tu, kama mgongo wa kijiko. Mwenyeji, nauliza, njia hii inakwenda wapi? Kitendawili, anasema. Nani amekwambia nimekuja kucheza? Kitendawili! Haya, tega. Wote wanampa, hakuna aliye naye. Mfalme, nasema. Siyo. Ombaomba wa mnadani. Siyo. Maiti, basi. Maiti unampa nini wewe? Nipe mji. Na sheria mnaijua, hata mtoto anayesinzia jikoni anaijua: ukishindwa kitendawili unatoa mji. Najikuna kichwa. Nimekupa Mombo, nasema. Anaupokea kwa mikono miwili kama sahani ya moto, anautua chini, na Mombo inasimama mbele yetu nzima nzima.

Lakini kuta zake ni vioo. Nyumba inatazama nyumba, mtaa unaingia ndani ya mtaa, na ndani ya kila nyumba kuna kitanda kimoja cha chuma, na juu ya kitanda amelala dada yangu Namkunda, na kilemba chake chekundu, kama alivyolala mwaka themanini na nne. Watu huniambia, Mzee, themanini na nne imepita. Kwenu imepita. Mimi nakumbuka soksi za daktari wa zamu, za kahawia, moja imetoboka kisigino. Nakumbuka mganga aliyekuja na kuku akagombana na muuguzi mlangoni, na mchungaji akagombana na mganga, kila mtu mgonjwa ni wake. Nimelisema hili kwenye kipaza sauti miaka ishirini: walimgombania dada yangu kama mpira wa kona. Na hapa Mombo wako vilevile, foleni ndefu kitandani, mwenye sindano, mwenye vidonge, mwenye chungu, kila mmoja na saa ya ukutani imening'inia shingoni, ikilia anasogea, anaingia mwingine. Hakuna kiti. Namkunda ananyanyua kiganja. Nina neno, anasema, nina neno moja tu. Mwenye sindano anamjibu, Vizuri mama, usijitikise. Mwenye chungu anasema, Meza kwanza. Nawasukuma, nawatukana kwa matusi ninayoyajua na mengine nayatunga hapo hapo, nao wananirudisha nyuma bila hasira, Panga foleni mzee, sote tuna saa zetu.

Yule asiye na uso amesimama begani kwangu. Kivuli cha dirisha, ananiambia, kikifika miguuni pa kitanda, anaondoka, na neno lake anaondoka nalo, safari hii kwa kweli. Nakitazama kivuli. Kimebakiza hatua tatu. Sema kitendawili chako, nasema, haraka. Ni kile kile. Wote wanampa, hakuna aliye naye. Mtumwa, nasema, bibi harusi, mwizi aliyekamatwa. Siyo, siyo, siyo, nipe mji. Nimekupa Korogwe. Korogwe inatua juu ya Mombo, vioo vinazaana, foleni inakuwa mara mbili, Namkunda wanakuwa mia, viganja mia vinanyanyuka, nina neno, nina neno, na sauti inazunguka mitaani inarudi ikiwa imechoka. Kivuli kimebakiza hatua mbili. Unasifika kwa mdomo, ananiambia asiye na uso, kumbe mdomo wenyewe wa kutolea miji tu. Nataka kumpiga, lakini utampiga wapi mtu asiye na uso? Jaribu tena, anasema. Nashindwa tena. Sina mji mwingine moyoni isipokuwa wangu mwenyewe, na kuutoa kunaniuma kama jino. Nimekupa Soni.

Soni inatua, na vioo vyake ni safi kuliko vyote. Najipenyeza, foleni ya hapa ni fupi, nafika karibu kabisa na kitanda, ila mtu mmoja amenizibia, kijana mwembamba, mgongo umelowa jasho, ameshika sufuria la mizizi na anapayuka kuliko wote, Pisheni, pisheni, dawa imeiva! Namshika bega nimtupe nje. Anageuka. Ni mimi. Mimi wa miaka ishirini na miwili, nimetoka mbio mlimani na majani kwapani, na shingoni mwangu imening'inia saa kubwa kuliko ya daktari. Kaa chini, namwambia. Na dawa? ananijibu. Dada yako anakuita, mjinga wewe. Na dawa atampa nani, wewe mzee? Miaka arobaini nimekumbuka soksi ya watu iliyotoboka, na sufuria langu sikulikumbuka hata siku moja. Nilikuwepo. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Na leo mchana, na kunde tumboni, nimejiandikia tena saa zangu ubaoni, nikacheka na wenzangu.

Hapo ndipo hasira yangu inageuka njia, na nawaambia, hasira iliyopata njia yake ni trekta. Wewe! namwita asiye na uso. Tega! Anaanza, Wote wanampa, na mimi simngoji amalize, napaza sauti hadi vioo vinatetemeka: MGONJWA! Ni mgonjwa, mwanaizaya wewe, wote wanampa na hakuna aliye naye, mtoto wa darasa la pili angekujibu, sisi wataalamu wanne tumeshindwa! Anainamisha kichwa. Umepata, anasema. Basi nirudishie miji yangu, nasema, Soni, Korogwe na Mombo, na kila mji uliowahi kunyang'anya watu kwa kitendawili hiki. Lakini kwanza namvua yule kijana saa ya shingoni, naipigisha chini, gurudumu moja linakimbia hadi mtaroni. Namnyang'anya sufuria, nalifudikiza sakafuni, mizizi inamwagika, nalikalia. Ndiyo, nalikalia. Limekuwa kiti. Mwenye sindano ananitazama, anaitazama saa yake, anaivua taratibu. Mwenye vidonge anavua. Wa nyuma wanauliza, Kuna nini huko mbele? Wanajibiwa, Wanakaa. Na saa zinaanguka mtaa kwa mtaa, Soni nzima, Korogwe nzima, Mombo nzima, kishindo kama mvua ya mawe juu ya mabati, na kivuli cha dirisha kimefika ukingoni pa kitanda, kimesimama, kama mtu aliyesikia ameitwa.

Haya dada, nasema, nimekaa. Namkunda ananigeukia. Umezeeka, mdogo wangu, anasema, na bado unanuka mizizi. Ndilo neno lenyewe hilo? Anacheka mpaka kilemba kinalegea. Hapana. Nilitaka kukuaga. Nilikuaga mara tatu siku ile, zote ukiwa umenipa mgongo. Ananipa mkono, nami naupokea, na hatusemi kitu. Hatusemi kitu, na sijawahi katika maisha yangu kushinda namna hii, mimi niliyezoea kushinda kwa kelele. Katika vioo vyote naona vitanda vyote, na kando ya kila kitanda mtu ameketi, juu ya ndoo, juu ya sanduku, juu ya kizingiti, na wanawake wa miji mitatu wanapiga vigelegele, na ngoma inajibu mahali fulani ndani ya vioo, na Namkunda anasema, Sasa naondoka, maana nimeaga. Nenda dada. Anaondoka akiwa ameinua kidevu, kama bibi harusi wa nyumba kubwa, nami namtazama anakoelekea hadi mwisho, kwa macho mawili, bila kugeuka.

Nafumbua macho. Niko mkekani, jua limehama kidogo. Dakta Mbelwa ananiinamia ananong'ona, Mzee Shemhina, umenitoa machozi, nimefuta saa zangu zote za Jumatano. Nataka kumuuliza nimesema nini, lakini Bhante amesimama mbele, anafunga vizuri vazi lake, anasema, Karibuni wazee wetu, sasa tufungue kikao. Tufungue? namuuliza Kaniki. Hatujaanza? Kaniki ananishangaa, Tumeanza lini, mzee, si ndiyo kwanza tumekula? Nautazama ubao. Ni mtupu, haujaandikwa au umefutwa, siwezi kujua. Wale wanafunzi saba wameketi ukutani wananitazama kama watu wanaonifahamu. Kama nimeshashinda, sawa. Kama sijashinda, nitashinda tena. Naomba chaki, Bhante, nasema, na nasimama na magoti yangu yanayolia, natembea hadi ubaoni, na kwenye saa ya kwanza ya siku ya kwanza, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, naandika kwa herufi kubwa: KUKAA.