Siku Ofisi Ilipopigwa Deki

Mume wangu alipofariki, shemeji zangu hawakungoja hata machozi yanikauke. Asubuhi moja walinitolea vitu nje, wakasema nyumba ni ya ukoo. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikajitwika godoro, nikaenda mguu mosi mguu pili hadi kwenye chama cha kutetea haki za wajane. Mlangoni wamebandika karatasi: Leo hatupokei watu, tuna mgeni.

Nilisoma, nikaingia hivyo hivyo. Ningempisha mgeni gani na godoro kichwani?

Ndani palikuwa pamepigwa deki mpaka sakafu inakuonyesha sura yako. Viti vimepangwa mstari, vyote vitupu. Mwenyekiti wa chama, mama mmoja wa sauti nzito, alikuwa anajieleza mbele ya mwanamke aliyetumwa na wafadhili, jasho linamtiririka. Baadaye ndiyo nikaelewa: msaada ulikuwa unaisha, na mgeni huyo ndiye wa kusema kama ofisi inaendelea au inafungwa. Ili akute mahali pa heshima, wajane walikuwa wameambiwa wasije. Na mgeni alikuwa ameuliza swali moja tu: "Sasa hao mnaowasaidia wako wapi?"

Hapo ndipo nilipoingia kichwa kichwa, godoro likaangusha maua ya mezani.

"Wamenitoa, mama," nikasema, kilio kikanishika.

Mwenyekiti akaacha hotuba njiani. "Wakili! Beba mkoba, twende!" Akamfungua mwanangu mgongoni kwangu, akatazama huku na huku, akampakatisha mgeni. Kisha akaanza kupekua pochi yake akitafuta nauli.

"Nauli hiyo inatoka fungu gani?" mgeni akauliza.

"Fungu la pochi yangu."

"Mbona kwenye maombi mmeandika semina tu?"

"Si ndizo mnazozipenda, dada? Tutaongea nikirudi."

Njia nzima nilijilaumu kwamba nimewaharibia watu wema. Lakini Wakili, binti mwembamba asiye na mzaha, alimsomea shemeji mkubwa sheria mbele ya majirani na kiongozi wa mtaa, mpaka shemeji mwenyewe akaanza kurudisha sufuria zangu ndani, sura imemshuka. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

Tuliporudi kumchukua mtoto, tulimkuta mgeni kwenye kiti cha mapokezi, sketi imelowa. Mwanangu alikuwa amemkojolea, kisha akamlalia kifuani. Mbele yake walikaa wajane wawili ambao nao hawakujali tangazo.

"Nimewapa maji ya kunywa," alimwambia Mwenyekiti. "Zaidi ya hapo sijui kazi yenu. Kaa unieleze."

Msaada ulikuja, na haukuwa wa semina. Ulikuwa wa kodi ya ofisi, mishahara na nauli, kwa miaka kadhaa, na mengine tuliachiwa tuamue wenyewe. Siku hizi mapokezi nakaa mimi. Jioni narudi nyumbani kwangu, naingiza ufunguo mlangoni, na sijawahi kuuzungusha bila kuwashukuru watu wale, pamoja na yule aliyelowa.

Juzi alikuja tena. Hatukupiga deki. Watu walijaa hadi kwenye korido, wengine wamekaa chini na watoto wao. Nilizunguka ofisi nzima kumtafutia kiti, nikakosa. Akaegemea ukuta kama wengine, akasubiri zamu yake. Nikamshukuru Mungu kwa aibu ile ya kukosa kiti.