Damu ya Vestina Haina Neno

Vestina aliingia kwa daktari na ndoo yake ya senene, wale panzi wa kuliwa aliokuwa akiuza sokoni, maana ukiiacha nje Bukoba hii huikuti. Aliiweka katikati ya miguu, akaifunika kwa kanga. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kunyonyoa mabawa tangu alfajiri, huko Kashai alikopanga chumba baada ya kufukuzwa nyumbani kwa mumewe.

"Dada Vestina, leo nina habari njema," alisema Dokta Kahangwa, ambaye ndiye aliyempima damu baada ya mtoto wake wa pili kufa. "Unaikumbuka ile hitilafu ya kurithi tuliyoikuta kwako?"

Aikumbuke! Mtu anasahauje kitu kilichomtoa nyumbani kwake?

"Kumbe haina neno. Kwenye vipimo vya zamani walipimwa Wazungu, na kwao ni adimu, basi tukadhani ni ya hatari. Sasa wamepima watu wa huku kwetu. Wengi tunayo, na watoto wetu wazima kabisa. Hata mimi ninayo!" Akacheka.

"Kwa hiyo siyo mimi niliyewaua."

"Siyo wewe. Unaweza kuzaa bila..." Kicheko kikamkatikia mdomoni. Ni yeye aliyeshauri Vestina afungwe kizazi. Mumewe, Ildefons, aliitikia kwa niaba ya ukoo, na Vestina akakubali huku maziwa yakimchuruzika kifuani bila wa kuyanyonya.

"Kinafunguka?"

"Tulikata, dada. Tulifanya kwa taarifa tulizokuwa nazo."

Taarifa zao, tumbo la Vestina. Loo!

"Basi kilichowaua ni nini, dokta?"

Daktari akatazama dirishani. "Hilo sasa hatulijui."

Vestina alilijua. Avit, mwanawe wa kwanza, alipobanwa na kifua, mtungi wa oksijeni wa kituo cha afya ulikuwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa harusini. Wilbert, wa pili, alipobanwa, ufunguo ulipatikana, ila mtungi ulikuwa mtupu. Aliyasema yote hayo wakati ule. Lakini damu yake ilipoonekana ina kosa, wakubwa wa kituo walishusha pumzi, na ukoo ukashusha pumzi, na hakuna aliyeuliza tena habari za mtungi. Tangu hapo Vestina anawasikia wanawe. Akikaanga senene, mafuta yakianza kuchemka, anasikia vile vifua viwili vidogo vikikoroma, na huepua sufuria haraka.

Kesho yake hakwenda sokoni. Alipanda gari la Muleba, akapitiliza hadi kwa wakwe zake. Alitaka kitu kimoja tu: arudishwe kwake, awe karibu na makaburi ya wanawe, ambayo aliyaacha kwenye kibanja, shamba la ukoo, siku alipofukuzwa. Hata kama ni kulala jikoni, angelala.

Mama mkwe, Bibi Benigna, alimpokea vizuri mno. Alimkalisha kwenye kiti, akamletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Vestina akazitazama zile buni. Kahawa hiyo hupewa mgeni. Yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea wageni kikapu hicho.

"Waitu maawe, mama yangu, damu yangu haina neno," alisema. "Daktari mwenyewe kasema. Wengi wanayo, hata humu ndani huenda mnayo."

"Tumshukuru Mungu, bojo, mpenzi. Nami nilikuombea."

"Basi nirudi."

"Urudi wapi, mwanangu? Ildefons ameshaoa, Joanitha ndiye aliye chumbani sasa. Na wewe huzai."

"Sizai kwa sababu mlinifungisha!"

"Sisi tena?" Bibi Benigna alishika shavu, na mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Si hospitali hiyo?"

Ildefons alikuwa uani ananoa jembe. Alisikia kila neno. Aliendelea kunoa.

"Basi nionyesheni watoto wangu niwaombee," alisema Vestina.

Walizunguka nyuma ya nyumba. Pale palipokuwa na vile vituta viwili na misalaba ya mti, palikuwa na migomba, mikubwa, mashina meusi ya kunawiri. Vestina akatafuta misalaba kwa macho, halafu kwa mikono, akipekua majani makavu, amepiga magoti.

"Mahali palikaa bure," alisema Bibi Benigna taratibu. "Wa kuwalilia hakuwepo. Ildefons akapanda."

Bibi Benigna alirudi ndani akatoka na panga. Mgeni haachwi aondoke mikono mitupu. Alichagua mgomba uliokomaa, akaukata, utomvu ukammwagikia mkononi, akampakatisha Vestina mkungu mzima.

"Chukua, bojo, ukale huko mjini. Migomba ya hapa inazaa mno."

Barabarani kijana wa bodaboda alishuka na kamba yake ya mpira ili afunge mkungu nyuma. Vestina alikataa. Alipanda, akaupakata mapajani kwa mikono miwili, akaufunika kanga hadi juu.

"Mama, utakuangusha huo. Na utomvu utakuharibia nguo."

"Wewe twende."

Pikipiki ikanguruma, ikaanza kuruka kwenye mashimo. Vestina aliinamisha sikio juu ya kanga, akasikiliza, kisha akamgusa dereva begani.

"Polepole, bojo," alisema. "Hawapumui vizuri."