Nyimbo Sita za Mama Isabela

Mwaka 1992, redio kaseti zilipojaa madukani Newala, Mwalimu Dominic wa Mkunya alinunua moja, akarekodi nyimbo sita za Bertila, mjane ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Isabela. Alikuwa amezitunga mwenyewe kwa Chimakonde, na hakuna mwingine aliyezijua zote. Miezi miwili baadaye, Sultani, jirani wa Dominic, aliazima ile redio kwa ajili ya harusi, kanda ikiwa ndani. Iliporudi, kanda ilikuwa imerekodiwa taarabu mwanzo hadi mwisho.

Dominic hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba angerekodi upya. Lakini sauti ya mama yule ilishaanza kukwaruza, na daktari akagundua uvimbe kooni. Ilibidi aende Dar es Salaam akakatwe kisanduku cha sauti. Gari lingeondoka Jumatatu asubuhi. Dominic alipopata habari hizo ilikuwa Ijumaa.

Alikwenda kwa mama, akamkuta amekaa mkekani na bintiye, Isabela.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwalimu."

"Ile kanda imefutika. Kosa ni langu."

Mama Isabela aliuliza: "Nyimbo zote?"

"Zote."

"Basi andika upesi, mwanangu. Nikirudi sitakuwa nayo sauti."

Dominic alikuwa mwalimu wa kwaya, akijua kuandika nota. Mama aliimba kipande kwa sauti nyembamba kama uzi, ambayo redio isingeweza kuinasa, naye akakiandika, kisha akamwimbia.

"Sivyo. Umepanda mno."

"Nikishuka inakuwa nota ya fa, mama."

"Hiyo fa yako siijui. Wimbo wangu haupiti hapo."

Alifuta, akaandika, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Hadi Jumamosi jioni alikuwa amepata nyimbo tatu. Jumapili mama aliamka hana sauti kabisa. Akamshika Dominic kifundo cha mkono: alipotaka apandishe sauti aliuinua mkono, alipotaka ashushe aliukandamiza. Wakafika nyimbo tano.

Wa sita mama aliutunga baada ya kifo cha mwanawe wa kiume, Cyril. Walifika katikati, kisha wakakwama. Dominic alijaribu sauti hii na ile; mama akitikisa kichwa kila mara. Jumatatu kulipokucha walikuwa bado papo hapo, wote wawili wakilia. Honi ikapigwa barabarani. Mama hakuuachia mkono mpaka Isabela alipomnyanyua.

Mama alirudi baada ya miezi minne, akipumulia tundu la shingoni. Dominic aliwakusanya wanakwaya wanane kanisani, wakamwimbia kutoka kwenye karatasi. Nyimbo tano alizisikiliza amefumba macho. Wa sita ulipofika katikati, kwaya ikanyamaza.

Mama Isabela akasimama, akauendeleza. Midomo ilicheza, kifua kikapanda na kushuka, lakini hakuna kilichosikika ila pumzi.

"Anasemaje?" Dominic aliuliza kwa kunong'ona.

Isabela aliifuatisha midomo ya mama yake. "Anasema, 'Cyril, mvua imenyesha. Jembe lako nimpe nani?'"

"Na sauti yake inakwendaje? Jaribu kukumbuka, tafadhali."

"Alipoutunga nilikuwa nimeshaolewa Chiungutwa, Mwalimu. Sikuwahi kuusikia."

Dominic alipiga magoti kando ya benchi, akayaandika maneno yale kama Isabela alivyoyatamka. Juu yake, mahali pa nota, hakuandika kitu. Mama Isabela aliimba mpaka ubeti wa mwisho, na hakuna mtu aliyethubutu kumkatisha.