Udongo wa Gracien

Yule mama hakujua kuendesha baiskeli, na hakuona haya kusema hivyo. Jemima alimwona akishuka kwenye gari la kutoka Butembo, Ijumaa, saa tatu asubuhi, sweta ya bluu juu ya kitenge, mkoba mdogo chini ya kwapa. Akamuuliza muuza mikate njia, akaonyeshwa zile baiskeli nne nyekundu zilizoegemezwa ukutani, akaja moja kwa moja.

"Ni hapa munatembezaka bageni?"

"Ni hapa, mama. Karibu. Muko bangapi?"

"Miye moya tu."

"Unajua kupanda kinga?" Jemima aliuliza, akigusa tandiko la baiskeli.

"Mutoto wangu, Butembo ni milima tupu. Kwetu kinga ni ya kusukuma, na anayesukuma ni mwanaume. Weye utanibeba nyuma."

Jemima akacheka, akachukua kitambaa na kuanza kufuta kile chuma cha nyuma ili mgeni asichafue kitenge chake.

"Nataka unizungushe vile Gracien alikuwa anazungusha," yule mama akasema. "Maneno yake yote, usiruke hata moya. Miye njo mama yake, Jokébed. Na weye, kama sikosei, ni Jemima."

Kicheko kikamfia Jemima mdomoni. Akaendelea kufuta chuma ambacho kilikuwa kimekwisha kung'aa.

Mwanzoni mwa mwaka, Goma ilipotekwa, ofisi za jimbo zilikimbilia Beni. Mji wa kakao na mbao ukaamka siku moja ukiambiwa kwamba umekuwa mji mkuu. Wakaja wakurugenzi na makatibu, wakaja watu wa mashirika, wote wakiwa na karatasi mkononi, wakipotea katika barabara ambazo hata wenyeji hawakuwahi kuzipa majina. Bwana Muyisa, aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli, aliona kazi hapo. Akapaka baiskeli nne rangi nyekundu na kutafuta viongozi wawili. Wa kwanza alikuwa Jemima, mwenye diploma yake na kiswahili alichokilinda kama mtu anayelinda shamba. Wa pili alikuwa Gracien, kijana wa Butembo, mwenye mdomo wa kuchekesha hata jiwe.

Mzunguko wao ulianzia sokoni, ukapita kwenye ofisi mpya na rond-point, pale barabara zinapokutana na kuzunguka, ukaishia nje ya mji penye mashamba ya kakao. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wageni waliyoipenda zaidi, na ndiyo iliyokuwa na hatari. Kwa hiyo wale wawili walikuwa na desturi yao, waliyoiita kupima njia. Kabla ya wageni kufika, mmoja alitangulia peke yake hadi kupita nyumba za mwisho. Akikutana na baiskeli za makala, makaa ya kupikia, zikiingia mjini na wanawake wakienda shambani na majembe, njia ni nzima. Akikuta kimya, anasimama na kumpigia simu aliyebaki. Na aliyebaki ndiye anayeamua, kwa sababu aliyeko njiani huwa anaona haya kurudi mikono mitupu.

Miezi saba iliyopita Gracien alikwenda kupima njia, na hakurudi. Waasi, wale watu wa porini, walikuwa wamepita asubuhi ile. Ilipatikana baiskeli, kandokando ya kijito. Yeye hakupatikana.

Siku ile aliyebaki na simu alikuwa Jemima. Na watu walipomuuliza, alijibu kwamba mara ya mwisho alimwona Gracien pale rond-point akienda kwenye shughuli zake, na kwamba hakuna simu iliyolia. Alilisema neno hilo mara moja kwa woga. Kisha ikambidi alirudie kwa Bwana Muyisa, kwa polisi, na kwa baba mdogo Éliakim aliyetumwa na familia kutoka Butembo. Éliakim alipiga magoti katikati ya pikipiki, akakwangua udongo wa rond-point kwa kisu, akautia katika kopo la maziwa na kuondoka nao.

"Shika mimi kiunoni, mama," Jemima alisema. "Na miguu uiweke mbali na magurudumu."

Wakaondoka. Mama Jokébed alikuwa mwepesi kuliko gunia la maharage. Alishika sweta ya Jemima kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeogopa kumchosha.

"Hapa alikuwa anasema nini?" aliuliza walipofika sokoni.

"Alisema: mabibi na mabwana, hapa njo bunge letu. Wabunge wake wanauza samaki, lakini wanapiga kelele sawa na wale wa Kinshasa, na hawa basi wanaamkaka mapema."

Kwa nyuma ikasikika sauti ndogo ya kicheko. "Njo yeye. Njo yeye kabisa. Kwa kanisa pasta alikuwa anamufukuza kwenye kwaya juu ya mudomo. Endelea."

Walipita ofisi moja ambayo mwaka uliopita ilikuwa ghala la mbao. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kipya, chini yake askari wawili wamekaa kwenye kiti kimoja.

"Na hapa?"

"Hapa alisimamisha bageni, akavua kofia. Akasema: mji mkuu ulikuja kulala kwetu bila kuleta hata mukeka. Tukaupa wa kwetu. Sasa siye tunalala chini, na asubuhi mugeni anatuuliza juu ya nini nyumba yetu iko na baridi."

Safari hii Mama Jokébed hakucheka. Walipita maturubai yaliyoanikwa kakao kandokando ya barabara, na ile harufu kali ya kakao iliyochacha ikawajia usoni.

"Kesho tunamuzika," alisema.

Jemima aliendelea kukanyaga.

"Nilikataa miezi saba. Bashemeji banasema, Mama Gracien, mutu hapana kubaki hewani hivi, roho yake itachoka. Miye nasema, atarudi. Juma iliyopita njo nimekubali. Éliakim amekata mugomba. Nimeshapiga pasi shati yake nyeupe na suruali ya kwaya."

Jemima hakuhitaji kuelezwa. Naye ni wa kabila hilo hilo. Mtu ambaye mwili wake haukuonekana huzikwa kwa kipande cha mgomba kilichovikwa nguo zake, na kifuani pa ule mgomba huwekwa udongo wa mahali aliposimama mara ya mwisho akiwa hai. Mgomba peke yake ni mgomba tu. Udongo ndio unaomwita mwenyewe aje alale. Wachungaji wengine hukunja uso, lakini hata wao husubiri kando hadi udongo uwekwe, ndipo wanafungua Biblia.

"Njo maana nimekuja," Mama Jokébed aliendelea. "Mbele ya kumufunika, nione mwenyewe pale. Niweke mukono chini. Tufike kwa hiyo rond-point."

Walifika. Pikipiki zilizunguka kama nyuki waliochokozwa. Mama Jokébed alishuka, akasubiri nafasi, akavuka kwa hatua za haraka na kuinama pale katikati, penye nyasi chache na chupa za plastiki. Akaweka kiganja juu ya ardhi. Dereva mmoja akampigia honi na kucheka, "Eh mama, umeangusha pete ya ndoa?" Yeye hakuinua kichwa.

Alikaa hivyo muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umeshangaa, kama wa mtu aliyebisha hodi nyumba aliyoambiwa ni ya nduguye na akafunguliwa na mgeni.

"Hapana kitu," alisema. "Nilifikiri nitasikia kitu. Labda ni kelele."

Jemima angeweza kusema ndiyo, ni kelele. Neno lilikuwa tayari ulimini. Udongo wa kopo ungewekwa kifuani pa shati jeupe, watu wangeimba, na jambo lingekwisha. Ni yeye peke yake ambaye angejua kwamba Gracien ameitwa kutoka mahali ambapo hakuwepo.

"Panda, mama," alisema. "Mzunguko haujaisha."

Akageuza baiskeli upande wa mashamba. Alikanyaga kwa nguvu, nyumba za matofali zikapungua, zikaanza za miti na udongo. Alishukuru kwamba hawezi kuonwa uso. Walipopishana na baiskeli ya kwanza ya makala, mwenyewe akihema na magunia marefu kumpita kichwa, Jemima akafungua mdomo.

"Mama Gracien, hakuwa kwa rond-point. Nilidanganya."

Vile vidole viwili kwenye sweta havikusogea.

"Alikuja kupima njia, huku. Alinipigia simu. Akasema: Jemima, niko hapa kwa kanisa ya mwisho, ile ya udongo, na hapana mutu. Hapana makala, hapana banamuke. Nirudi ao niendelee?"

Gurudumu likaingia shimoni, baiskeli ikayumba, Jemima akainyoosha.

"Na kazi ya kujibu ilikuwa ya nani?" Mama Jokébed aliuliza.

"Yangu."

"Ukajibu nini?"

"Bageni walikuwa wameshafika, mama. Walikuwa wawili. Walikuwa wanaangalia saa. Nikasema..." Akakwepa jiwe. "Nikasema, endelea kidogo."

Mama Jokébed aliachia sweta. "Simamisha."

Jemima akasimamisha. Mama alishuka, akaweka kitenge sawa, akaanza kutembea mbele bila kuangalia nyuma. Jemima akamfuata akisukuma baiskeli. Alitamani atukanwe. Alitamani kofi. Zilipita nyumba kumi, ishirini; mama alimwitikia mwanamke aliyemsalimu kutoka uani kwa kinande, lugha ya kwao, akaendelea kutembea.

Kanisa la mwisho lilikuwa kuta tatu na nusu na bati zilizoshikiliwa kwa mawe. Mbele yake njia iligawanyika, ikateremka kwenye kakao. Wanawake wanne walikuwa wakipalilia hapo karibu. Kuku walichakura. Mahali pa kawaida kabisa.

"Alisimama wapi?"

"Sijui kabisa, mama. Alisema mbele ya mlango. Alisema ameegemeza kinga kwenye nguzo."

Nguzo ilikuwa moja. Mama Jokébed alikwenda akasimama kando yake, akaigusa, akaangalia ile njia ya kuteremka. Alitazama hadi mabega yakaanza kutikisika. Kilikuwa kilio cha mtu ambaye amekuwa akikishikilia miezi saba kwa meno.

"Aliuliza," alisema hatimaye. "Mutoto wangu alisimama hapa, akaona, akajua, akauliza. Hakuwa mupumbavu. Batu ya Butembo banasema alikwenda mwenyewe kama mupumbavu. Éliakim naye anasema hivyo. Weye uliwaacha baseme."

"Ndiyo, mama."

"Miezi saba."

"Ndiyo."

"Chimba."

Jemima hakuelewa.

"Chimba weye. Miye siwezi kuinama tena leo."

Jemima akapiga magoti chini ya nguzo. Udongo ulikuwa mgumu, mwekundu, umekanyagwa na miguu ya waumini. Alichimba kwa ufunguo wa baiskeli, kisha kwa kucha, hadi ukucha mmoja ukapasuka. Mama Jokébed alitoa kitambaa cha kichwa, akakitandaza, akasimama na nywele zake za mvi wazi mbele ya kanisa, jambo ambalo mwanamke wa rika lake halifanyi. Kiasi cha viganja viwili kilipotosha, alikifunga mwenyewe.

Walirudi kwa miguu hadi kituo cha magari. Kule nyuma ya baiskeli palibaki patupu.

Gari la Butembo lilikuwa karibu kujaa. Mama Jokébed aliingia kiti cha nyuma, akapakata lile furushi. Jemima alisimama mlangoni.

"Mama, utawaambia nini?"

"Miye? Hapana kitu. Hii si ya mudomo wangu. Mazishi ni kesho saa nne. Utakuja, utasimama mbele ya Éliakim na batu bote, utasema udongo huu umetoka wapi na juu ya nini."

"Watanifukuza."

"Watakufukuza."

"Na weye?"

Mama Jokébed aliangalia mbele, kwenye kisogo cha dereva. "Usiniulize. Sijajua bado. Leo nimejua mambo ya kutosha."

Dereva alipiga teke gurudumu, akapaza sauti. "Butembo, Butembo! Nafasi moya! Moya tu tunaondoka!"

Jemima alijijua. Alijua kwamba kesho asubuhi ataamka na kisingizio cha kutokwenda: tumbo la kuuma, au wageni, au mvua. Alimpa muuza mikate ile baiskeli nyekundu amshikie, akarudi mbio kabla mtu mwingine hajapanda, akainama na kuingia. Kiti kilikuwa chembamba. Mama Jokébed hakumtazama wala kumpisha, na kwa kitambo Jemima alikaa nusu, bega moja likiwa nje ya mlango.

"Tantine, sogea mutoto akae, nifunge mulango!" dereva alisema.

Mama Jokébed akainua furushi la udongo kutoka goti lililokuwa upande wa Jemima, akaliweka kwenye goti la pili, na Jemima akapata pa kuingiza bega lake.