Gari Lisilopitisha Maji

Mtoto wa kwanza wa wifi yangu Darmi alizaliwa amekufa, juu ya mkokoteni wa punda, katikati ya njia ya kwenda hospitali ya Ngao. Mimi ndiye niliyekuwa nimempakata mama yake kichwa. Kwa hivyo mwaka wa tisini na saba, Darmi aliposhika mimba tena na daktari wa Ngao akasema safari hii lazima apasuliwe, asingoje kushikwa na uchungu akiwa nyumbani, kaka yangu Nuh, mumewe, alichukua fimbo yake. Alichagua madume zizini, akayapeleka mnadani Garsen, na wiki iliyofuata akarudi na gari.

Lilikuwa Pajero kuukuu, rangi ya maziwa yaliyochacha. Mwenyewe wa awali alikuwa mwalimu wa Malindi mwenye watoto wengi, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa bado na peremende zilizonata. Watu wa kwetu wakinunua gari hununua pikapu ya kubebea mbuzi. Jirani yetu Halake alilizunguka mara mbili, fimbo mabegani.

"Nuh, hili ni la kupelekea watoto madrasa. Litakwama kwenye mavi ya ng'ombe."

"Litavuka laga. Wewe ngoja."

"Likivuka laga, nitalinywesha maziwa kwa mkono wangu mwenyewe."

Darmi alicheka mpaka akashika tumbo. Nakumbuka kicheko kile.

Laga ndiyo ilikuwa shida yetu. Kutoka kwetu mpaka barabara ya Ngao hakuna mlima wala jiwe, ni uwanda wa udongo mweusi tu, halafu laga, mkondo ambao miezi mingi ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha juu huko unageuka mto kabla hujamaliza kukunja mkeka.

Nuh alilipeleka gari kwa Gershom, Mpokomo wa Ngao, wa wale wakulima wa mtoni wasioelewana sana na sisi wafugaji, aliyekuwa na kibanda cha kuchomelea vyuma nyuma ya soko la Garsen. Mimi na Darmi tulifuatana naye kwa sababu ya kliniki, tukalala kwa shangazi siku nne, na mchana nilikaa juu ya debe pale kibandani nikitazama kazi. Napenda kutazama mtu anayejua kazi yake.

"Mombasa kuna maduka yanauza vitu vya kuinulia gari," Gershom alisema. "Ni vya wazungu wa kwenda kutazama ndovu. Sisi tutatumia vya hapa."

Akatoa springi mbili kwenye pikapu iliyokufa, akaziongeza nyuma. Mbele akaweka vipande vya chuma alivyovikata mwenyewe, gari likainuka kama ngamia anayeamka. Tairi alizipata kwa dereva wa lori dogo, zimeliwa kidogo lakini meno bado makali. Chini ya injini akafunga sahani ya chuma ili kisiki kisitoboe. Juu ya paa akachomelea keria ya mizigo, nyuma ndoana ya kuvutwa. Mwisho akachukua bomba la maji, akalipandisha kutoka kwenye injini mpaka usawa wa paa, ili gari livute hewa ya juu.

"Hiyo ni pua," aliniambia aliponiona nakodoa macho. "Gari halifi kwa kulowa, dada. Hufa kwa kupaliwa."

Nuh aliinama ndani, akainua mkeka wa sakafu. Kulikuwa na matundu, mengine ya kutu, mengine ya kiwandani yaliyopoteza vizibo vyake.

"Haya je?"

"Ya kutu nitayapiga kiraka. Haya mengine acha."

"Maji yataingia."

"Na yatatoka. Acha tu."

"Fundi, umewahi kuona chombo cha maziwa chenye tundu?"

"Gari si chombo cha maziwa, bwana."

"Sema umechoka."

Gershom akafuta mikono kwenye suruali, akacheka, akaokota nyundo yake. Ila tulipokuwa tunaondoka alimfuata Nuh mpaka mlangoni mwa gari. "Mamangu ana chumba pale Ngao, hatua chache tu kutoka hospitali. Mlete shemeji mwezi ukikaribia, akae. Wanasema mvua ya mwaka huu si ya kawaida."

"Mke wangu akakae kwa Wapokomo mwezi mzima, na mimi nina gari?"

"Basi mwache dada huyu akae naye."

Nuh akawasha injini. Darmi alinitazama mimi. Alitaka niseme, kwa sababu yeye hawezi kumpinga mumewe mbele ya watu, na mimi ni dada, ningeweza. Nilitazama ile pua mpya inavyong'aa. Nilisema moyoni, gari hili litafika.

Nyumbani Nuh aliniita. "Bishara, wewe ndiye unayeziba vyombo vya maziwa vya boma zima. Nizibie gari hili."

Kusuka chombo cha maziwa kwa mizizi si kazi kubwa. Kuziba ndiko kazi. Chombo kikipitisha tone moja, maziwa ya safari yote yameharibika, na mwanamke aliyekiziba atatajwa kwa jina. Changu hakikuwahi kupitisha. Niliyafuata matundu ya sakafu moja moja kwa kidole, hata yale yaliyojificha chini ya viti. Nilikata mpira wa tyubu, nikaukandamiza ndani, nikapaka lami, juu ya lami nikayeyushia nta iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Milango nayo nikaizungushia mpira, nikaipaka mafuta mpaka ikawa inafunga kwa sauti ya kifuniko. Ilinichukua siku tisa. Siku ya kumi nilimwaga ndoo mbili za maji sakafuni, nikalala chini ya gari nikitazama juu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Halikutoka hata jasho.

"Sasa hili ni gari au birika?" Halake aliuliza.

"Ni chombo cha dada yangu," Nuh akasema, na nilivimba kichwa. Wiki hiyo nzima nilipita karibu na gari bila sababu.

Mvua ikaja, ile iliyoitwa El Ninyo. Mwezi wa kumi na moja uwanda wote ulikuwa maji na kambare waliogelea penye vichuguu. Daktari alikuwa amehesabu wiki tatu zaidi. Darmi hakuzingoja. Asubuhi moja, baada ya kukamua, alinishika mkono nikiwa na chombo, maziwa yakamwagika.

"Wifi," alisema, "mwite ndugu yako."

Tulimlaza nyuma juu ya magodoro. Gari lile, nasema kweli, lilikwenda. Tope ambalo punda angezama mpaka tumbo, tairi zile zililiuma na kulitema. Nuh alikuwa anaongea peke yake, "Haya, haya, fahali wangu." Tulipita pikapu ya mtu imezama hadi madirishani, yeye amekaa juu yake kama kunguru. Hatukusimama.

Laga ilikuwa imejaa. Nuh alivua kanzu, akaingia na fimbo, akatembea mpaka karibu nusu. Maji yalimfika nyongani. Alirudi anatetemeka lakini anatabasamu.

"Nyonga tu. Na pua yetu iko juu ya paa. Twende."

"Yana nguvu?" nilimuuliza.

"Yananisukuma mimi. Yatasukuma gari?"

Tuliingia polepole. Maji yakapanda mpaka taa, yakapanda mpaka mlangoni. Ndani kukavu. Nilipapasa sakafu kwa kiganja na kukavu kabisa, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Halafu mtikisiko ukakoma. Injini ilikuwa inanguruma lakini gari lilikuwa limetulia, laini, kama mtu aliyebebwa.

"Mbona pamekuwa kimya hivi?" Darmi aliuliza. "Tumefika?"

Nuh alikuwa anazungusha usukani kulia, kushoto, kulia. Ng'ambo, mti niliokuwa nautazama mbele yetu sasa ulikuwa pembeni. Tulikuwa tunakwenda na maji. Hapo ndipo nilipoelewa, maana nimeosha vyombo mtoni tangu utoto. Chombo chenye tundu huzama palepale ulipo. Kile kizima hukukimbia.

"Kaka, tunaelea. Fungua mlango."

"Una wazimu? Maji yaingie?"

"Yaingie! Gari likae chini! Fungua!"

"Bishara, nyamaza!"

Nilimsogeza Darmi, nikainua mkeka, nikaanza kuchimbua vizibo kwa kisu. Havikutoka. Nta juu, lami katikati, mpira chini, kila kimoja kimeshikana na mwenzake kama nilivyokusudia. Kucha mbili zilikatika. Darmi alikuwa ananitazama nichimbuavyo, na sikusikia kama alikuwa analia au anasoma dua. Cha kwanza kilipotoka maji yaliruka mpaka usoni. Kilikuwa kitundu cha kidole. Nikachimbua na cha pili.

Mwishowe Nuh aliona mikoma, ile minazi ya mwitu ya chini ya mkondo, inakuja, na maji pale ni shimo. Akateremsha kioo, akausukuma mlango kwa miguu yote miwili. Maji yakaingia kama ng'ombe mlangoni. Gari likashuka, likagonga chini, likainamia shina la mkoma, likasimama. Yalitufika kifuani. Magodoro yaliinuka na Darmi juu yake.

Tulimpandisha kwenye keria. Ilihimili, Gershom alikuwa amechomelea vizuri. Na injini ilikuwa bado inanguruma chini ya maji, ikivuta hewa kwa ile pua, na ilinguruma hivyo muda mrefu, tairi zikizunguka kwenye tope, mpaka Nuh alipozama kuizima kwa sababu Darmi alisema hawezi kuvumilia kuisikia tena.

Tulikaa pale juu tangu saa nne mpaka jua likaanza kuinama. Uchungu ulikuja, ukaenda, ukaja. Mtoto hakuweza kutoka, kama daktari alivyosema. Nuh alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Waliotusikia walikuwa wakulima wawili wa Kipokomo waliokuwa wanaokoa mahindi yao kwa mtumbwi. Hawakuuliza sisi ni nani. Walimlaza Darmi juu ya mahindi mabichi, wakapiga kafi.

Ngao walimpasua jioni hiyo. Alikuwa mtoto wa kike, mzito, nywele tele, na alikuwa amechoka, amekata roho, kabla hawajamfikia. Daktari alisema mama ataishi. Akasema pia hatazaa tena.

Maji yalipopungua, Gershom alikuja na trekta la kukodi kulivuta gari. Alifungua mlango wa nyuma, akainua mkeka uliokuwa umeota ukungu. Vizibo viwili vilikuwa vimetoka, matundu yake yamejaa tope. Vingine vyote vilikuwa mahali pake, vinang'aa. Alipitisha kidole juu yake.

"Nani aliziba?"

"Mimi," Nuh alisema.

"Wewe huiwezi kazi hii. Hii ni ya mtu anayejua."

"Nimesema ni mimi, fundi."

"Ni mimi," nikasema.

Gershom aliketi pale pale kwenye tope na suruali yake ya kazi. 

"Ningekwambieni," alisema. "Gari likiingia maji hukaa chini. Likiwa kavu huelea kama debe. Maneno mawili tu hayo. Lakini aliniita mvivu, nikasema moyoni, haya, shauri lake."

Nuh alikwenda kufunga mnyororo kwenye ndoana. Trekta likavuta, gari likatoka, na lilipotoka halikuvuja. Maji yaliyokuwa yametuama upande wa mbele yalibaki ndani yakicheza huku na huku, ikabidi tuyachote kwa ndoo.

Darmi alirudi baada ya mwezi. Halake alikuja, hakufanya mzaha, alileta maziwa ya ngamia ya kumpa nguvu. Niliyatia kwenye kile chombo alichokipenda, nilichomsukia mwaka alioolewa, nikampelekea kitandani. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza taratibu, akatazama kitako chake, pale nta inapong'aa. Alikitazama kama mtu anayesoma barua.

Halafu akanirudishia.

"Nitilie kwenye kikombe cha bati, Bishara," alisema.

Miaka yote aliniita wifi. Nilikwenda nikatafuta kikombe.