Tenga la Eliana

Mzee Zefania Msengi alikuwa mchuuzi wa kuku. Uchuuzi huo aliufanya Iguguno kwa miaka ishirini na sita, tangu enzi za maduka ya ushirika yenye rafu tupu, hata milango ya soko huria ikafunguliwa na bidhaa za Dubai zikawa zinateremshwa stendi ya Singida kila alfajiri. Mizani hakuwa nayo, wala hakuitamani. Akiletewa kuku, humwinua kwa mkono wa kulia, akampindua, akampuliza manyoya ya kifuani apate kuiona ngozi, akambonyeza kidari na gole, kile kifuko cha chakula cha shingoni, kisha hutamka neno moja tu: “Huyu,” au “Siye.” Neno hilo likishatoka, halikuwa na rufaa.

Lakini Jumatano ile ya mwaka 2004, mikono hiyo yenye hekima ilikuwa imelala magotini pake kama mikono ya mgeni asiyejua atakaribishwa nini. Alikuwa ameketi juu ya kigoda katika duka la vipuri la Laurian, mdogo wa mkewe, mjini Singida, akimtazama bintiye Eliana akichagua viungo vya kompyuta.

Eliana alikuwa kitinda mimba wake. Alisomea ufundi wa kompyuta Arusha, akarudi na cheti, akapanga chumba karibu na stendi, akakusudia vijana waje wacheze michezo ya kompyuta humo kwa saa. Kompyuta ya kwanza aliinunua ikiwa imeshaundwa, kwa mchuuzi mpita njia. Siku ya ufunguzi umeme ulikatika. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo, na mashine ikafuka moshi mbele ya vijana kumi na wanane. Miongoni mwao alikuwamo Gasto wa Mwankoko, kijana mwenye ulimi usiolala njaa. Palepale akambandika Eliana jina la Dada Moshi, na jina likamganda kuliko lile la ubatizo.

Sasa Eliana alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi atafungua tena, na safari hii mashine ataiunda kwa mkono wake, kiungo kwa kiungo. Kwa baba yake alisema jambo moja zaidi, tena kwa sauti ya chini: ikiungua na hii, chumba atakifunga, na kompyuta hataigusa tena. Mzee Zefania alilichukua neno hilo moyoni kama mtu aliyebebeshwa yai katika njia ya mawe. Angetoa chochote kumsaidia, ila hakuona ana nini cha kutoa. Aliombwa amsindikize tu, naye akasindikiza.

“Shikamoo, mjomba,” Eliana alikuwa amesalimu walipoingia, na Laurian akaitikia marahaba, kisha akamgeukia shemeji yake, kwa kuwa utani wao ulikuwa na umri sawa na ndoa.

“Shemeji, humu hakuna jogoo. Usije ukazipuliza mashine zangu zikaanza kutaga.”

“Zikitaga nitakuuzia mayai yake,” akajibu mzee, na wote wakacheka.

Baada ya hapo maneno yalimpita juu ya kichwa kama ndege wa msimu. Laurian alimsifia Eliana prosesa iliyo ghali kuliko zote. Eliana akaikataa kwa adabu, akachukua ya kati, akieleza kwamba prosesa ni akili na kadi ya picha ni macho, na katika mchezo wa mpira mwenye akili nyingi na macho mabovu atafungwa tu. Kilichobaki katika fungu lake akakiweka kwenye kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe. Kisha akaitafuta mazabodi, lile bao ambalo viungo vyote huchomekwa juu yake, akalinganisha safu za matundu yake na miguu ya ile prosesa, moja baada ya moja, akazirudisha mbili rafuni, akaipokea ya tatu. Rami, yaani kumbukumbu ya mashine yenyewe, akachukua vipande viwili mapacha. Kila alichokubali alikitia alama katika daftari lake, na baba yake, ambaye hakuelewa nusu ya yanayosemwa, aliielewa ile alama. Ndivyo yeye mwenyewe alivyochagua maisha yake yote: bila pupa, na bila kumwonea haya muuzaji.

Zikaletwa kesi mbili, makasha ya kutilia viungo hivyo vyote. Moja ilikuwa nyeusi, imezibwa pande zote, inang’aa kama kiatu cha bwana harusi, na mbele ina taa za buluu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, haina sura, imejaa matundu ubavuni na nafasi ya feni mbili. Laurian akasema vijana hupenda taa. Mkono wa Eliana, uliokuwa imara tangu asubuhi, ukaanza kuinamia ile nyeusi.

Mzee Zefania akakohoa kidogo. “Mama, hizi mashine hupata joto?”

“Sana, baba. Joto ndilo adui yake wa kwanza.”

“Basi hilo jeusi ni jeneza.”

Akawasimulia habari za jogoo arobaini aliowapeleka Dar es Salaam ndani ya sanduku la mbao lililorandwa vizuri, kazi ya seremala aliyejivunia kwamba hata upepo hauingii. Upepo kweli haukuingia. Basi lilipofika Dodoma walikuwa hai kumi na mmoja. Tangu siku hiyo hakusafirisha kuku ila kwa tenga la fito, ambalo halina uzuri wowote, lakini aliyemo ndani hupumua.

Eliana alimtazama baba yake, akaitazama kesi nyeusi, akairudisha kwa mjomba wake. Ile ya kijivu akaitia alama daftarini, na pembeni akaandika: tenga. Mzee akaliona andiko hilo, na furaha ikampanda kichwani kama togwa lililovuka siku yake.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kilichobaki kilikuwa kiungo kimoja, nacho ndicho kilichotoa moshi mara ya kwanza: pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wengine wote kwa kadiri yao. Laurian aliweka mezani vitatu. Mzee Zefania hakungoja kuulizwa. Alinyanyuka, akakiinua cha kwanza, kilichoandikwa namba kubwa kuliko vyote, nacho kikawa chepesi kama kifaranga.

“Siye. Manyoya matupu.”

Eliana akasema lebo yake inasifu nguvu nyingi. Laurian, kwa mshangao, akamtetea shemeji yake: hata mafundi wa Arusha husema kisanduku kizuri huwa kizito, maana ndani yake mna shaba na vyuma vya kazi. Mzee akasikia, akavimba. Akakiinua cha pili, kikamvuta mkono hasa. Akapuliza feni yake, nayo ikazunguka. Watu wawili waliokuja kununua betri za redio wakasimama kutazama, na kutazamwa huko kukamkamilisha.

“Huyu,” akasema.

Cha tatu hakukigusa. Eliana akakifunga kile cha pili katika mfuko, akimwambia mjomba wake kwamba baba akishasema, yeye hana la kuongeza.

Kesho yake asubuhi, upepo wa Singida ukivuma mlangoni, Eliana alitandika khanga mezani akaanza kuunda. Aliilaza prosesa mahali pake bila kuisukuma, akaifunika na feni yake, akachomeka rami hata ikalia kidogo kwa kukubali. Baba yake alikuwa mpokezi. Akiombwa bisibisi, alitoa bisibisi; akiombwa skrubu, alitoa skrubu. Alikuwa na furaha ambayo hakuipata tangu harusi ya kifungua mimba wake.

“Baba, niletee pawa saplai.”

Akaichukua kwa mikono miwili, akaigeuza ili ampe upande wenye nyaya. Uzito wote ukakimbilia pembe moja.

Mzee Zefania akasimama alipokuwa. Ujanja huu aliujua kabla Eliana hajazaliwa. Kuna watu asubuhi ya mnada humlisha kuku pumba na mchanga, gole likajaa, akawa mzito wa uongo. Kuku wa namna hiyo ukimwinua hukudanganya. Ukimpindua, uzito humwangukia kifuani, naye husema kweli. Ndiyo maana mchuuzi hupindua na kubonyeza. Ni mafunzo ya mwezi wa kwanza. Naye jana, mbele ya macho ya watu, aliinua, akapuliza, akatamka “Huyu.”

Kwa muda wa pumzi tatu akapimana na nafsi yake. Angeweza kumpa tu. Pengine ingewaka. Pengine angebaki yule baba aliyeandikiwa tenga daftarini, hata kama ni mpaka Jumamosi. Kisha akakumbuka moshi ule asioushuhudia bali aliousikia katika sauti ya mwanawe.

“Mama,” akasema, “nimekukosea. Jana sikupindua. Huyu kalishwa mchanga.”

Eliana hakuelewa, mpaka alipoeleweshwa. Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na nyaya chache zilizokonda, vikopo viwili vidogo vya umeme, na pembeni, kimegandishwa kwa gundi nene, kipande cha chuma kitupu kisichounganishwa na kitu chochote. Akakitazama. Akamtazama baba yake, aliyesimama kama mshitakiwa. Ndipo kicheko kikamtoka, kicheko cha kukaa chini sakafuni na kushika mbavu, na mzee, baada ya kuhakikisha kwamba si kilio, akacheka naye mpaka machozi yakamtoka.

“Huko Dubai nako kuna mnada!” akasema Eliana alipopata pumzi.

Walirudi dukani kabla ya adhuhuri. Laurian alipoonyeshwa kile chuma, uso ulimwanguka, kwani hakuuza kwa hila. Katoni ilimfikia ikiwa imefungwa, naye aliiamini lebo kama wengine. Akafungua vingine viwili vya katoni ile mbele yao, na kila kimoja kilikuwa na chuma chake. Katoni nzima akaibeba, akaipeleka uani. Kisha akarudi na kile kisanduku cha tatu, kile ambacho jana hakikuguswa, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

“Shemeji,” akasema, safari hii bila kumcheka, “nipimie na mimi.”

Mzee Zefania akavua kofia. Akakiinua: kizito, lakini si cha kujigamba. Akakipindua upande huu na upande ule, na uzito ukatulia katikati, haukukimbia. Akapuliza, feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka hata pumzi yake ilipokwisha. Akabonyeza mbavu zake kwa kidole gumba, bati halikubonyea. Akachungulia matunduni kama mtu atazamaye kinywa cha ng’ombe, na humo akaona shaba imejisokota nene. Kisha, kwa kuwa kosa ni mwalimu asiyesahaulika, akarudia yote tangu mwanzo.

“Huyu,” akasema mwishowe. “Lakini fungua, mama. Nataka macho yangu yakubaliane na mkono.”

Eliana akafungua. Hapakuwa na chuma cha bure.

Jumamosi vijana walijaa chumbani hata wengine wakachungulia dirishani. Gasto alifika wa kwanza, akamwamkia mzee kwa heshima, kisha akaivuta hewa puani kwa madaha, akauliza mbona leo hasikii harufu ya jina la mwenyeji. Eliana akamwambia aketi acheze, huenda akasikia harufu ya jasho lake mwenyewe. Mpira ukaanza. Wachezaji walikimbia juu ya kioo kama watu kweli, nyasi zikaonekana moja moja, na Gasto akasahau kutania.

Alikuwa anaongoza kwa goli moja umeme ulipokatika.

Kioo kikafa. Eliana akasimama nyuma ya kiti, uso wake umekauka, na baba yake akasogea akasimama kando yake. Walingoja. Halafu umeme ukarudi vilevile ulivyorudi siku ile, kwa kishindo. Taa ikawaka kupita kiasi, ikafifia, ikatulia, na redio ya jirani ikakoroma. Vijana wote wakaikazia macho ile kesi ya kijivu yenye matundu.

Eliana akanyoosha kidole, akabonyeza.

Feni ikaanza kuvuma, polepole, kisha kwa sauti moja ya upole kama kuku aliyeatamia. Kioo kikawaka. Chumba kizima kikalipuka kwa vifijo, isipokuwa Gasto, ambaye alilalamika kwamba goli lake limepotea bure.

“Utalifunga tena,” akasema Eliana. “Mashine ipo.”

Naye akalifunga, na tangu jioni ile jina la Dada Moshi likakosa wa kulitamka. Kile kipande cha chuma Eliana alikifanya kizuizi cha mlango, maana upepo wa Singida haubishi hodi, na kila aliyeingia alitaka kukiinua na kuhadithiwa.

Wiki mbili baadaye Mzee Zefania alishuka basi kutoka Iguguno, akamkuta binti yake ameshaandika orodha ya kompyuta ya pili. Alimpa daftari aisome. Mzee akavaa miwani, akaifuata mistari kwa kidole: prosesa na jina lake, kadi ya picha na jina lake, rami na kipimo chake. Alipofika kwenye pawa saplai hakukuta namba wala jina la kiwanda. Palikuwa pameandikwa: Baba.

Akalipitia neno hilo kwa kidole mara ya pili. Kisha akamrudishia daftari.

“Umesahau tenga,” akasema.