Unga Chini ya Lori la Danieli

"Hivi Mama Ida, lile gari ni lenu au ni la fundi?"

Stamili alimuuliza Isabela, jirani yake wa Mkunya, swali hilo siku moja walipokuwa wakipanda kutoka bondeni, kila mmoja na mtungi wake wa maji kichwani. Hakuuliza kwa ubaya. Isabela aliongeza mwendo, kwa sababu kupanda ule mlima na kujibu maswali ni kazi mbili.

Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Danieli. Wazungu walipoyaacha mashamba yao ya karanga kule Nachingwea, magari mabovu yaliuzwa kama vyuma tu, na Danieli akajinunulia lori dogo lisilo na milango. Alilitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba, jioni baada ya jioni, akiokoteza kipuri hiki huku na kile kule. Nia yake ilikuwa moja: libebe mapipa ya maji kutoka bondeni, wanawake wa Mkunya wapumzishe shingo. Homa ikamchukua kabla lori halijanguruma. Isabela hakutaka ile kazi ife naye. Akalipeleka likivutwa hadi Masasi kwa Fundi Fakihi, ambaye alisema ni kazi ndogo, itakwisha kabla ya mvua. Mvua zilifika, zikaisha, mikorosho ikachanua, korosho zikaokotwa, na fundi alikuwa bado anasema kesho.

Safari hii alikwenda na shemeji yake Marko, mdogo wa marehemu, dereva wa misheni ya Lulindi. Walifika gereji jua limekwisha kuwa kali.

"Shikamoo, Mama Ida," Fakihi alisema, akijivuta kutoka chini ya gari la mtu mwingine. Shikamoo yake siku zote ilikuwa nzuri kuliko kazi yake. "Leo leo nilikuwa nakuwaza."

"Marahaba. Gari langu liko wapi?"

"Si lile pale? Linakuona."

Lori lilikuwa limesimama juu ya mawe. Magurudumu ya mbele hayapo, betri haipo, na kuku wamelala kwenye kiti cha dereva. Isabela alifunua boneti, akachungulia.

"Na dainamo?"

"Imepelekwa Lindi kusukwa upya."

"Safari ile ulisema imerudi."

"Ilirudi, Mama. Ikaona hapa hakuna raha, ikaondoka tena."

Vijana wa gereji wakacheka. Marko naye akacheka kidogo, akaacha alipomwona shemeji yake anamtazama.

Isabela hakugomba. Safari zilizopita alikwisha kugomba, na alichopata ni kichwa kuuma njia nzima ya kurudi. Aliwafukuza kuku, akafuta kiti kwa ncha ya kanga, kisha akautundika mfuko wake wa unga wa muhogo, aliokuja nao kwa chakula, kwenye kipande cha chuma kilichochomoza karibu na usukani.

"Unafanya nini, Mama?"

"Naacha mzigo wangu hapa ili ujue sijaondoka. Leo nalala kwa rafiki yangu Getrude, karibu na kanisa. Kesho nitakuja kukaa. Na kesho kutwa. Mpaka gari litoke."

"Karibu sana," Fakihi alisema. "Ila kivuli hakuna."

Asubuhi, baada ya misa, yeye na Marko waliikuta gereji kimya. Hakuna nyundo iliyokuwa ikigonga. Vijana walikuwa wamejikusanya mbali, na Fakihi amechuchumaa mbele ya lori, kofia mkononi. Chini ya lori, katikati ya yale mawe, palikuwa na kichuguu cha unga mweupe, kilele chake kimechongoka kama kilichofinyangwa.

Isabela alielewa kabla hajafika. Tangu utoto wake alijua watu wanavyofanya, waliobatizwa na wasiobatizwa. Mtu akiwa na shida huita jina la marehemu wake na kumwaga unga taratibu chini, mpaka usimame kilele. Asubuhi huenda kuutazama. Ukiwa haujabomoka, marehemu amepokea, na shida ile sasa ni yake. Mapadri walihubiri juu ya jambo hilo mpaka sauti zikawakauka. Isabela mwenyewe aliwafundisha wanawake wenzake kanisani kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu, hawahitaji unga wetu.

"Mama Ida," Fakihi alisema bila kuinuka, "ungeniambia tu kwamba umechoka. Kulikuwa na haja gani ya kumwita mwenyewe?" Akaugeukia unga. "Kaka Danieli, nimesikia. Dainamo iko kwenye gari la Abdulkadiri wa dukani. Betri na magurudumu pia. Vinarudi sasa hivi."

Isabela alifungua mdomo. Marko akamshika kiwiko.

"Shemeji, nyamaza," alinong'ona. "Acha kwanza avirudishe."

Isabela aliketi juu ya pipa lililopinduliwa, akatazama ndani ya lori. Mfuko wake ulikuwa umechanwa na kile chuma, unaning'inia mtupu, na chini yake, kwenye sakafu, palikuwa na tundu lililoliwa na kutu. Alijaribu kusali, maneno yakagoma. Gurudumu la kwanza likarudi, likafungwa. La pili likarudi. Kila kilichorudi kilimkaa kifuani, maana alikuwa anapewa haki yake kwa njia aliyowakataza wenzake, na maji ya lori hili watayanywa wao hao hao.

Fakihi alipoanza kuifunga dainamo, Isabela akainuka. Marko akafumba macho.

"Fundi, mimi sikumwaga unga."

Spana ikasimama.

"Mfuko wangu umechanika usiku. Tazama pale juu. Unga umepitia tundu la sakafu. Danieli amepumzika, sikumwita. Sitaki unitengenezee gari kwa kumwogopa."

"Unataka nitengeneze kwa nini?"

"Kwa sababu uliahidi."

Fakihi aliingiza kichwa ndani ya lori, akautazama mfuko, akalitazama tundu. Kisha akautazama unga, na kuku wake, waliokuwa wakiparua gereji nzima tangu alfajiri isipokuwa pale.

"Hukumwaga wewe."

"Sikumwaga."

"Wala Marko?"

"Wala mimi," Marko alisema taratibu.

"Basi hakuna mtu aliyemwaga," fundi alisema. "Na unga umesimama hivyo."

"Fundi, ni unga wa ugali."

Fakihi alirudi kwenye dainamo, na sasa mikono yake ilikwenda mbio kuliko mwanzo. Isabela akarudi kwenye pipa lake. Ukweli alikwisha kuusema, wote. Nguvu za kuusema mara ya pili hakuwa nazo.

Mchana lori likakohoa moshi mweusi, likazimika, likakohoa tena, kisha likanguruma. Ndiyo sauti aliyoingoja Danieli akafa bila kuisikia. Isabela alidhani atalia, lakini alichohisi ni miguu tu, jinsi ilivyochoka. Marko alikaa kwenye usukani. Fakihi akachomoa hendeli ya kuwashia, akaifuta kwa shati lake mwenyewe, akamkabidhi Isabela kwa mikono miwili. Alimtazama kama mtu mwenye swali. Isabela akangoja, maana angemjibu.

Fundi akavaa kofia yake, akauzunguka ule unga kwa mbali, akatoka gereji, akaenda zake na swali lake.